Mafundo Katika Uzi wa Uhai: Kwa Nini Chembe Nyingine Huzeeka Kabla ya Wakati

KIGALI. Mwaka 2024 jarida la kisayansi liitwalo Aging Cell lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa juu ya damu ya vijana 91 wa asili ya Rwanda. Damu hiyo ilipochukuliwa vijana hao walikuwa na umri wa miaka 24 hivi. Wote walitungwa mimba katika majira ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana ambao mama zao walibakwa na wauaji, na mimba zikatokana na ubakaji huo. Kundi la pili ni wana wa akina mama walionusurika mauaji bila ya kubakwa. La tatu ni la wale ambao mama zao hawakupitia mauaji hayo. Watafiti, akiwamo Glorieuse Uwizeye, Mnyarwanda mwenye taaluma ya uuguzi, walitaka kujua jambo moja: je, chembe za miili ya vijana hawa zina umri ule ule ulioandikwa katika vitambulisho vyao?

Jibu halikuwa la kufurahisha. Kwa vipimo vya kisasa zaidi vya umri wa chembe hai, vijana waliokuwa tumboni wakati wa mauaji walionekana kuzeeka kwa kasi kuliko wenzao. Hawakumbuki lolote la siku zile, kwa kuwa walikuwa hawajazaliwa. Lakini chembe zao zilikuwa na kumbukumbu.

Huenda msomaji akajiuliza damu ya kijana yawezaje kuwa na umri mwingine usio wake. Kulijibu swali hilo yatupasa kuingia ndani ya chembe hai, mahali ambapo uzi wa urithi, yaani DNA, umehifadhiwa. Huko wataalamu wamegundua kwamba uzi huo haukai daima katika umbo lile ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa. Hujikunja, hujifunga mafundo, hunaswa na ndugu yake RNA. Na mambo hayo yana sehemu kubwa katika kuzeeka kwetu.

UZI NA MATAMVUA YAKE

Umbo linalofundishwa shuleni ni la nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja mfano wa kamba. Lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick katika mji wa Cambridge, kwa msaada mkubwa wa picha za Rosalind Franklin. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne, nazo ni A, T, G na C. Herufi A ya uzi mmoja hushikana na T ya uzi wa pili, na G hushikana na C. Maelezo hayo ni ya kweli hata leo, ila hayakuwa yote.

Tuitazame kwanza ncha ya uzi. Kila mwenye kuvaa kikoi anajua kwamba nyuzi za ukingoni zikiachwa hivi hivi, nguo huanza kufumuka. Ndiyo sababu mafundi husokota nyuzi hizo na kuzifunga mafundo, tukapata matamvua. Uzi wa DNA nao una matamvua yake, yaitwayo telomea. Kwa binadamu telomea ni maandishi mafupi ya herufi sita, TTAGGG, yanayorudiwarudiwa maelfu ya mara bila ya kubadilika. Maandishi hayo hayatoi amri yoyote ya kujenga mwili. Kazi yake ni kulinda ncha.

Elizabeth Blackburn, mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi Marekani, alisoma matamvua ya namna hiyo mwaka 1978 katika kidudu cha majini kiitwacho Tetrahymena. Mwaka 1984 mwanafunzi wake, Carol Greider, aligundua kimeng'enya kinachoyarefusha, kikaitwa telomerasi. Mwaka 2009 wanawake hao wawili, pamoja na Jack Szostak, walipewa Nishani ya Nobel ya tiba.

Mtoto azaliwapo, kila tamvua lake huwa na urefu wa herufi 10,000 hadi 15,000 hivi. Kila chembe inapojigawa kuwa mbili, herufi 50 hadi 100 hupotea, kwa kuwa mtambo unaonakili uzi hauwezi kufika hadi mwisho kabisa. Tamvua likiisha kupungua mno, chembe huacha kujigawa. Haifi mara moja. Hubaki imezubaa, ikitoa taka zinazochokoza jirani zake. Leonard Hayflick alikwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba chembe za binadamu zikikuzwa katika chupa hujigawa mara 50 hivi, kisha husimama. Sababu ndiyo iliyokuwa haijajulikana.

FUNDO LA NYUZI NNE

Sasa tufike penye kiini cha habari hii. Herufi G, kwa jina lake kamili gwanini, ina tabia ya kupenda wenzake. Tangu mwaka 1910 ilionekana maabarani kwamba asidi yenye gwanini ikiwa nyingi katika maji, maji hayo huganda na kuwa ute mzito mfano wa mlenda. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kuelewa kwa nini. Mwaka 1962 Martin Gellert na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba gwanini nne huweza kushikana mikono na kufanya mraba. Miraba hiyo hupangana mmoja juu ya mwingine kama sahani kabatini, na katikati yake hukaa chembe za madini ya potasiamu zikiushikilia mpango wote usianguke.

Potasiamu hiyo ni ile ile iliyomo katika ndizi na maharage, vyakula visivyokosekana katika jiko la Kigali. Hata hivyo asidhani mtu kwamba akila ndizi nyingi ataongeza mafundo mwilini. Ndani ya chembe potasiamu huwa tele siku zote.

Basi popote palipoandikwa GGG mara kwa mara, uzi mmoja huweza kujikunja mara nne na kujifunga fundo gumu la nyuzi nne. Tazama tena maandishi ya telomea: TTAGGG, TTAGGG, TTAGGG. Hakuna mahali panapofaa zaidi. Kwa muda mrefu wako wataalamu walioamini kwamba mafundo hayo ni mchezo wa chupa za maabara, wala hayapo katika mwili. Mwaka 2013 kundi la Shankar Balasubramanian wa Cambridge lilitengeneza kingamwili inayoyatambua, likayaona yaking'aa ndani ya chembe za binadamu, mengine kwenye ncha na mengine katikati ya uzi.

Yafaa ieleweke kwamba fundo si adui. Kwenye ncha ya uzi fundo husaidia kuficha mwisho wa uzi, ili walinzi wa chembe wasiudhanie kuwa uzi umekatika wakaja kuuunga mahali pasipostahili. Mwaka 1999 Jack Griffith na Titia de Lange walionyesha umbo jingine la ulinzi huo, nalo ni ncha kujirudi na kujichomeka ndani ya uzi wake yenyewe ikafanya kitanzi kikubwa. Katikati ya uzi vilevile mafundo hukaa karibu na jeni zinazofanya kazi, na yaelekea husaidia kuziwasha. Tabu huja wakati wa kunakili.

WAFUMUAJI

Katika saluni za Nyamirambo, msusi hawezi kusuka nywele upya kabla ya kufumua za zamani. Akipitisha chanuo juu ya nywele zenye fundo, chanuo hukwama. Akilazimisha, nywele hukatika. Ndivyo ulivyo mtambo wa kunakili DNA. Unapopita juu ya uzi na kulikuta fundo la nyuzi nne, husimama. Kwa hiyo chembe imewekewa wafumuaji wake, protini maalumu zinazotangulia mbele ya mtambo zikifumua mafundo moja baada ya jingine.

Wafumuaji hao wakikosekana nini hutokea? Jibu limepatikana kwa watu wenye bahati mbaya kuliko wengi. Mwaka 1904 Otto Werner, daktari kijana wa Kijerumani, aliandika habari za ndugu wanne wa nyumba moja ambao walikuwa na mtoto wa jicho na ngozi iliyosinyaa wangali vijana. Wagonjwa wa namna hiyo huota mvi wakiwa na miaka ishirini na kitu, hupata kisukari na ugonjwa wa mishipa ya moyo mapema, na wengi hufariki katika miaka ya hamsini. Jeni yenye hitilafu ilipatikana mwaka 1996, ikaonekana kwamba ndiyo inayotengeneza mmoja wa wafumuaji, nao huitwa WRN. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba chembe zisizo na mfumuaji huyo hupoteza telomea wakati wa kunakili, hasa katika uzi ule wenye gwanini nyingi. Yaani mtu huzeeka upesi kwa sababu mafundo yake hayafumuliwi.

Ugonjwa wa Cockayne ni mfano wa pili, nao ni wa kusikitisha zaidi kwa kuwa huwapata watoto. Mtoto hudumaa, jua humuunguza, sura yake hugeuka ya kizee kabla ya kufika balehe. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba protini zinazokosekana kwa watoto hao zina kazi ya kufumua mafundo ya nyuzi nne, na kwamba zisipokuwapo kazi ya kusoma uzi hukwama penye mafundo hayo.

Magonjwa haya ni adimu sana. Faida yake kwa elimu ni kwamba yanaonyesha waziwazi jambo ambalo kwa kila mmoja wetu hutokea polepole.

RNA INAPOGANDA

RNA ni nakala inayotolewa kutoka kwenye DNA ili kupeleka amri nje ya kiini cha chembe. Kwa desturi nakala ikishatoka huondoka. Lakini pengine hurudi nyuma na kujibandika juu ya uzi uliokuwa ikinakiliwa, na uzi wa pili hubaki ukining'inia peke yake mfano wa kitanzi. Ukining'inia hivyo ni rahisi kukatika. Na kama una gwanini nyingi, hapo hapo hujifunga fundo. Kitanzi na fundo husaidiana, kimoja humshikilia mwenzake.

Hata kwenye telomea, mahali palipodhaniwa kuwa kimya, mwaka 2007 iligunduliwa kwamba RNA hutolewa, ikapewa jina la TERRA. Ikiwa kwa kiasi, RNA hii huhudumia ncha. Ikizidi na kuganda, ncha huanza kukatika. Chembe zina vimeng'enya vya kuiondoa RNA iliyonata, na mtu akirithi hitilafu katika kimoja chake kiitwacho senataksini, huanza kuyumba katika mwendo wake akiwa bado kijana, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo isiyovumilia uchafu huo.

Ubongo wa mzee nao una habari yake. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba familia nyingi zenye ugonjwa wa kupooza misuli hatua kwa hatua, au kupotewa na akili kabla ya uzee mkubwa, zina maandishi GGGGCC yaliyorudiwa mara mamia, pengine maelfu, mahali ambapo watu wengine wana marudio machache tu. RNA inayotokana na maandishi hayo hujikunja kuwa mafundo ya nyuzi nne, ikanasa protini ambazo chembe ya ubongo inazihitaji.

KUTU YA GWANINI

Katika herufi zote nne, gwanini ndiyo ishikayo kutu upesi. Kutu ni neno la mfano, lakini halimo mbali na ukweli: hewa ya oksijeni ile ile inayokula bati huishambulia gwanini na kuibadilisha. Zikiandamana gwanini tatu pamoja, kama katika telomea, shambulio huelekea hapo zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walitengeneza kutu kwenye telomea peke yake bila ya kugusa mahali pengine popote. Chembe ziliacha kujigawa katika siku chache tu, ingawa telomea hazikuwa zimefupika. Uzee basi haungoji tamvua lote liishe. Tamvua likiharibika latosha.

Kutu hiyo huongezwa na nini? Moshi wa tumbaku, moshi wa kuni na makaa, na homa na uvimbe usiokwisha mwilini. Jiko la makaa lililowekwa katika chumba kisicho na dirisha huongeza yote mawili, moshi na ugonjwa wa kifua, na mama mwenye mtoto mgongoni hula sehemu kubwa.

Malaria nayo ina hesabu yake. Mwaka 2015 wataalamu wa Sweden waliripoti habari za ndege mdogo wa matetini ambaye huzaliana kwao wakati wa kiangazi na kuhamia Afrika wakati wa baridi yao. Ndege waliokuwa na vijidudu vya malaria ya ndege ambavyo havikutoka mwilini walipoteza telomea upesi, wakafa mapema kuliko wenzao, na hata makinda yao yalizaliwa na telomea fupi. Watafiti wale wakawageukia watu. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 walifuatilia kwa mwaka mzima wasafiri waliotibiwa malaria nchini Sweden. Miezi mitatu ya kwanza telomea za chembe zao za damu zilifupika sana. Kisha kimeng'enya cha telomerasi kikaongezeka nguvu, na kufikia mwisho wa mwaka urefu ulikuwa umerudi.

Wasafiri wale waliugua mara moja, wakatibiwa, wakapumzika mbali na mbu. Mtoto wa Bugesera anayeugua, akapona, akaugua tena kabla ya mwezi wa nne, hapewi nafasi hiyo. Chandarua na ziara ya mshauri wa afya wa kijiji, wale waitwao Abajyanama b'Ubuzima, ni vitu vya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeviita dawa ya uzee.

Pasifichwe jambo jingine. Wako wafanyabiashara wanaouza vidonge na mafuta ya kupaka wakidai kwamba yanarefusha telomea na kurudisha ujana. Wenye kudai hivyo hawasemi kwamba telomerasi ikiachiwa bila kizuizi ndiyo silaha ya kansa. Uvimbe wa kansa karibu tisa katika kila kumi huwasha kimeng'enya hicho ili chembe zake zisizeeke kamwe. Hata mafundo ya nyuzi nne hutazamwa na madaktari wa kansa kwa jicho jingine: zimekwisha jaribiwa kwa wagonjwa dawa za kuyakaza mafundo yasifumuke, ili chembe za kansa zishindwe kujinakili. Linalomwokoa mmoja laweza kumwangamiza mwingine.

SAA ILIYOMO NDANI YA DAMU

Turudi Rwanda. Watafiti wa vijana 91 walisoma alama. Juu ya herufi C, sitosini, chembe hubandika alama ndogo za kemikali ziitwazo methili, mfano wa mwalimu atiaye nukta pembeni mwa daftari: maandishi hayabadiliki, ila msomaji huambiwa hapa soma, hapa ruka. Mtu akizeeka alama hizi hubadilika kwa utaratibu. Mwaka 2013 Steve Horvath wa California alichagua mahali 353 katika DNA, na kwa kuzitazama alama za mahali hapo akaweza kukisia umri wa mtu kwa tofauti ya miaka michache. Hiyo ndiyo iliyoitwa saa ya kwanza. Saa za kizazi cha pili zilizokuja tangu mwaka 2018 zimepangwa zitazame zaidi ya miaka ya kalenda. Hukadiria jinsi mwili ulivyochakaa na hatari ya maradhi na kifo. Ni saa hizi za pili zilizoonyesha tofauti kati ya vijana wa Rwanda.

Alama na mafundo si mambo yaliyotengana. Mwaka 2018 kundi lile lile la Cambridge lilionyesha kwamba fundo la nyuzi nne humnasa mbandikaji wa methili na kumzuia asifanye kazi, hata jirani na fundo hubaki bila alama. Umbo la uzi huamua wapi paandikwe nukta. Kwa hiyo yule asomaye alama anasoma pia, kwa mbali, habari za mafundo.

Hapo kabla palikuwa na uchunguzi mwingine. Mwaka 2014 Nader Perroud wa Geneva, akishirikiana na wataalamu wa Rwanda akiwamo Leon Mutesa, bingwa wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Rwanda, alitoa matokeo ya akina mama 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari, pamoja na watoto wao. Walilinganishwa na akina mama wengine 25 waliokuwa wajawazito wakati ule ule lakini hawakuwamo katika mauaji, nao pamoja na watoto wao. Mama walioteseka na watoto wao walikuwa na alama nyingi zaidi juu ya jeni inayopokea homoni ya dhiki, na homoni yenyewe katika damu yao ilikuwa chini. Mpakani mwa Rwanda, katika mji wa Goma, Connie Mulligan na wenzake waliripoti mwaka 2012 jambo la jamii hiyo kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga: mama aliyepatwa na dhiki ya vita alizaa mtoto mwenye alama nyingi zaidi juu ya jeni ile ile, na mwenye uzito mdogo.

Sehemu zote hizi mbili, hesabu ya watu ni ndogo. Isitoshe, saa nyingi zilisetiwa kwa damu ya watu wa asili ya Ulaya. Tofauti iliyoonekana ni ya wastani wa kundi. Haimwambii kijana mmoja mmoja ataishi miaka mingapi, na yeyote atakayetaka kumtazama mchumba wake na kumhesabia umri kwa habari hii atakuwa amepotea. Lisemwe hili kwa sauti kwa sababu vijana waliozaliwa kutokana na ubakaji wamekwisha itwa majina ya kutosha mitaani na hata majumbani mwao. Wakipewa na jina la damu iliyozeeka, sayansi itakuwa imewaongezea mzigo.

KALENDA MBILI

Na mzigo wao una historia ya pekee. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 juu ya mfuko wa kuwasaidia manusura wenye dhiki ilimhesabu aliyenusurika kati ya tarehe 1 Oktoba 1990 na 31 Desemba 1994. Mtoto aliyetungwa mimba kati ya Aprili na Julai 1994 kwa kawaida alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 1995. Alikosa kwa majuma tu. Mama yake aliweza kutambuliwa, yeye hapana. Wako akina mama walioishi na HIV iliyotokana na ubakaji ule, wakamsomesha mtoto huyo kwa kulima na kuuza mboga, huku kaka yake aliyezaliwa kabla ya vita akilipiwa karo.

Mpaka wa tarehe lazima uwekwe na kila sheria. Ofisi haiwezi kufanya kazi bila ya mpaka. Lakini kipimo cha damu kimeleta ushahidi ambao watunga sheria wa mwaka 2008 hawakuwa nao, kwamba mtoto huyo alikuwapo. Alikuwa upande wa ndani wa tumbo la mama yake, na mwili wake ulipokea habari za yale yaliyokuwa yakitendeka. Uchunguzi wa awali wa Uwizeye na wenzake juu ya vijana hao hao ulionyesha kwamba waliotokana na ubakaji walikuwa na hali mbaya zaidi ya afya ya mwili na ya akili kuliko wengine wote, na kwamba mateso ya utotoni baada ya kuzaliwa yalizidisha ubaya huo.

Neno hilo la utotoni ni zito. Lina maana kwamba sehemu ya madhara haikutoka kwa wauaji wa mwaka 1994. Ilitokana na njaa, vipigo na kubaguliwa katika miaka iliyofuata, mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka 2004 Elissa Epel na Elizabeth Blackburn waliwachunguza akina mama 58 wa Marekani, wengi wao wakiwa na watoto wenye maradhi ya kudumu. Wale waliojiona wamelemewa zaidi walikuwa na telomea fupi kwa kiasi cha miaka kumi, au zaidi, ya uzee wa ziada. Hakuna aliyewapiga risasi. Walilemewa tu, siku baada ya siku, bila ya msaidizi.

Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kwamba mfadhaiko mkubwa wa moyo ulikuwa kwa asilimia 12 ya wananchi kwa jumla, na asilimia 35 kwa manusura. Madhara ya kiwewe yalikuwa asilimia 3.6 kwa wananchi kwa jumla, na asilimia 27.9 kwa manusura. Matibabu yake hutolewa katika hospitali za wilaya, na bima ya Mutuelle de Santé huyapokea kama ipokeavyo malaria. Wengi hata hivyo hawaendi. Maumivu ya moyo husemwa kwamba yamezoeleka, au kwamba ni aibu, au kwamba mtu aliyezaliwa baada ya vita hana la kulia.

Vijana wale sasa wameingia katika miaka ya thelathini, na baadhi yao ni wazazi. Kliniki ya wajawazito ndiyo mahali pa kwanza wanapokutana na mhudumu wa afya kwa hiari yao wenyewe, wakipimwa shinikizo la damu na kupewa chandarua. Muuguzi aliye mwangalifu atamwuliza mama pia kama analala usingizi usiku, na nani anamsaidia nyumbani.